Miezi Sita kwa Hesabu ya Nani

Ngaa! Huo ndio mlio ninaoukumbuka mpaka leo, mkasi ukitupwa ndani ya beseni la bati. Bwana Feruzi, mfunga vidonda, kila alipomaliza mguu wa mtu aliutupa mkasi pale bila kuangalia, ngaa, kisha akaita, "Mwingine!" Sisi tuliopangana barazani juu ya ubao mmoja mrefu tukasogea nafasi moja mbele, kila mtu akiburuta mguu wake kama anayeburuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Hata sasa, sufuria ikianguka kwa jirani, mguu wangu wa kushoto hujikunja wenyewe kabla sijajua nimesikia nini.

Naandika kwa kuwa kidonda kimefunga. Pamebaki kovu chini ya goti, jembamba juu, pana chini, linang'aa kama ngozi ya mjusi, na jua kali likipiga huwasha. Natembea. Nalima. Najua wako watu milimani na mjini ambao wakati huu wameketi kwenye ubao kama ule, na wameambiwa wangoje. Hao ndio ninaowaandikia. Mambo ya dawa siyajui, na aliyenitibu alikuwa hanielezi. Ninachokijua mimi ni kungoja, na kwamba kungoja kuna hesabu zake, na hesabu ile ikikosewa inauma kuliko kile kidonda.

Jina langu Mwanahawa. Kwetu ni mlimani, juu ya Mkuyuni, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia mpaka jikoni. Nilisoma miaka miwili kwa masista, nikajua kusoma, kuandika, na kuimba hesabu. Tuliimba kweli, tukipiga makofi: siku saba juma moja, majuma manne mwezi mmoja, miezi kumi na miwili mwaka mmoja. Niliupenda wimbo ule. Uliufanya ulimwengu uonekane kama kapu lililosukwa vizuri, halivuji popote.

Mwaka niliougua nilikuwa nimeposwa. Kibwana alikuwa kijana wa ng'ambo ya bonde, mcheshi, anayecheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha, hata nawe unacheka bila kujua kwa nini. Mjomba wake, Mzee Kondo, alileta jembe jipya na doti ya nguo kwa mjomba wangu Shomari, maana kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye neno, baba hukaa pembeni akatabasamu. Siku ile ile nilianza kuota. Nilishaijenga nyumba yetu kichwani, nikaweka jiko upande wa mashariki ili moshi usinitoe machozi, nikapanda na ndizi nyuma. Nilikuwa mwepesi hivyo.

Harusi ilikuwa ingoje kidogo. Siku hizo za Wadachi, yaani Wajerumani, mwanamume asiye na kipande, ile kadi ya kazi ya mwezi mmoja, alikuwa akikamatwa njiani kama kuku, akapelekwa kulima barabara. Kibwana akaenda kuandikwa katika machimbo ya ulanga, kule wanakochimba yale mawe yanayobanduka karatasi karatasi na kumetameta. "Miezi sita tu," aliniambia. "Nikirudi nina vipande sita mkononi, hakuna askari wa kuniuliza kitu. Tunaoana."

Mimi nilikwenda kutafuta kuni, mwiba ukanichoma chini ya goti. Basi. Hapakuwa na jambo la ajabu, wala jini wala mtu mbaya, ingawa baadaye yalisemwa mengi. Pakatoka kipele, kipele kikawa lengelenge, lengelenge likapasuka, na nyama ikaanza kuliwa kwa mduara, kama jani linavyoliwa na kiwavi. Mama alibandika majani. Kikawa na harufu. Ninyi mnaougua mnaijua harufu ninayosema, ile ambayo wageni huisikia mlangoni wakakumbuka ghafla kwamba wameacha moto nyumbani. Mwisho wa vuli Mjomba Shomari alisema inatosha, nikabebwa kwa machela mpaka Morogoro, kwenye nyumba ya wagonjwa iliyokuwa pale mjini.

Daktari Mdachi aliutazama mguu wangu kwa muda mfupi kuliko anavyotazama mtu papai sokoni. Akasema maneno machache kwa lugha yao. Bwana Feruzi, mtu wa pwani, kanzu safi, masharubu yamechongwa, akatugeuzia kwa Kiswahili.

"Bwana Mganga anasema miezi sita. Akae hapa hapa mjini, aje kufungwa kila alivyoambiwa, asipande mlima. Miezi sita kitafunga. Akiondoka kabla, asirudi kulia hapa."

Mjomba akauliza, "Miezi sita kamili?"

"Kamili, mzee wangu. Neno la Mdachi halipungui."

Mjomba alirudi mlimani na neno hilo, akalifikisha kwa Mzee Kondo. Jibu la Mzee Kondo nililetewa kama lilivyo, kwa mdomo wa mjomba mwenyewe, na sikulisahau. "Miezi sita ni sawa," alisema. "Hata kijana wetu yuko kazini miezi hiyo hiyo. Lakini mwanamke mwenye donda haingii nyumbani kwetu. Miezi sita ikiisha tunakuja. Binti atatoka mwenyewe, atapiga magoti atuamkie kama mkwe, atuwekee chakula. Akiweza, arusi. Asipoweza, tutabeba jembe letu, na tusilaumiane."

Mnaona ilivyokuwa nzuri? Daktari kasema miezi sita, Kibwana kasema miezi sita, Mzee Kondo naye miezi sita. Watu watatu, neno moja. Nililala usiku ule juu ya mkeka wa kukodi huku mguu ukipiga kama ngoma, nami nikitabasamu gizani. Niliona siku moja tu mbele yangu: asubuhi nafunguliwa bandeji, mchana Kibwana anateremka na vipande vyake, jioni wazee wanakuja, napiga magoti. Yote siku moja. Kapu halivuji.

Tulikaa mjini, mama na mimi, katika kibanda cha uani nyuma ya duka la Mhindi mmoja. Mama hakutoa kodi. Alichambua mchele wa duka, akatoa mawe na chuya tangu asubuhi mpaka macho yawe mekundu. Mke wa mwenye duka, mama mnene mwenye bangili zisizokwisha, alikuwa hasemi Kiswahili zaidi ya "weka" na "toa", lakini alikuwa akiniletea chai ya tangawizi yenye maziwa, akaiweka chini mlangoni, akaenda zake bila kungoja ahsante. Mpaka leo sijapata kumshukuru kwa maneno anayoyaelewa.

Na kule barazani kulikuwa na Bi Nyange. Alikuwa na donda la kisigino, mwanamke mtu mzima, mjane, ulimi kama wembe. Siku ya kwanza nilimwambia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu kwenye ubao wa wanaooza." Nikataka kulia, nikacheka. Ndivyo ilivyokuwa kwake kila siku.

Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ya pale. Kwamba Bwana Mganga akisema saa nane, ni saa mbili yetu asubuhi, na mgeni anayekuja saa nane ya mchana hukuta mlango umefungwa, akarudi na usaha wake. Mimi mwenyewe nilikosa dawa mara moja kwa hilo.

"Lakini bibi, kwa nini wahesabu hivyo?"

"Wao siku yao huanza usiku wa manane, mwanangu. Wakati hata mwizi amepumzika, wao wanasema kumekucha. Sasa mtu asiyejua siku inaanza lini, utamwamini mwezi wake?"

Tulicheka mpaka Bwana Feruzi akatoka na mkasi. "Nyie, hapa si ngomani!"

Nilicheka, na maneno yale yakapita. Laiti ningeyashika.

Kila Jumatatu Bwana Feruzi alichora mstari mmoja wa mkaa ukutani, juu ya mahali pa kila mgonjwa wa muda mrefu. Juma limekwisha, mstari. Mistari minne, anaikata kwa mstari wa kulala, anasema, "Mwezi huo!" Sisi wote tunaitikia kama watoto. Ilinifurahisha kuona mistari yangu inaongezeka. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa manjano, una harufu kali inayokaa kwenye nywele, kwenye ugali, kwenye ndoto. Bandeji ilikuwa ikigandana na nyama, na kuibandua ni kazi ya mama: alimimina maji ya vuguvugu, akasubiri, akavuta kidogo, akasubiri. Mimi niliangalia ukuta. Mwaka ule wote sikuwahi kukitazama kidonda changu moja kwa moja. Nilikijua kwa uso wa mama tu. Akikunja paji, kimepanuka. Akipumua, kimepungua.

Mwili ukabadilika. Paja la kushoto likapungua likawa kama mwiko, la kulia likabaki paja. Nywele zikakatika pembeni. Damu ya mwezi ilisimama, nikaogopa, mama akanambia mwili unabana matumizi. Masika ikaingia, milima ikafunikwa, Uluguru ukawa kama haupo. Nilikaa barazani nikatazama pale ulipopaswa kuwapo mlima, nikaona wingu.

Masika ile ndiyo iliyomchosha mama. Kule nyumbani shamba lake lilikuwa limeachwa kwa shangazi, na shangazi ana lake. Habari zikaja kwamba magugu yamefika kiunoni na nguruwe wamechimbua mihogo. Mjomba Shomari akaja, akasema mama arudi walau apalilie, mtoto si mdogo. Mama akasema nani atambandua bandeji. Wakagombana uani, sauti chini chini kwa ajili ya Mhindi. Mjomba alipoondoka, mama aliingia, akamimina maji kwenye mguu wangu kabla hayajapoa, nikapiga kelele.

"Nyamaza," alisema. "Mguu huu umekula shamba langu zima, bado unataka nini?"

Baada ya kumaliza alichukua samaki mkavu tuliyekuwa tumemweka kwa siku ya Ijumaa, akamchoma, akaniwekea mimi kipande cha kichwa na kipande cha mgongo, yeye akala ugali na mchuzi. Watu wakiuguza kwa muda mrefu husema maneno ya namna hiyo. Nawaambia ninyi mlio kitandani: yasikilizeni, yaacheni yapite, tazameni nani kapewa samaki.

Mistari kumi na sita ikatimia. Miezi minne, kwa hesabu ya ukutani. Ndipo akapita mchukuzi mmoja kutoka machimboni, akaniletea salamu za Kibwana na bamba dogo la ulanga, jembamba, unaona mwanga upande wa pili.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Anasema yu mzima, na kipande cha tatu kimeanza."

"Cha tatu? Si cha tano?"

Mchukuzi akacheka. "Cha tano, dada! Kwa mvua hii? Ana bahati hata hicho cha tatu."

Nilikasirika. Nilidhani Kibwana analala kazini. Niliponung'unika, Bi Nyange alinikata.

"Marehemu mume wangu alifanya kazi ya reli kwa vipande hivyo hivyo. Kipande ni siku thelathini, ndiyo. Lakini hukatwa alama siku ya jasho tu. Jumapili haikatwi. Ukiugua homa, haikatwi. Mvua ikijaza shimo maji, haikatwi. Msimamizi akiona umechelewa, haikatwi, na unafanya kazi vile vile. Mwezi wa kipande, mwanangu, ni mwezi wa mpira. Unavutika."

"Kwa hiyo miezi yake sita..."

"Ataimaliza akiimaliza."

Niliweka bamba la ulanga chini. Kwa mara ya kwanza kitu kikavuja katika lile kapu. Lakini mimi ni mtu wa kutumaini, nikajitengenezea faraja upesi: haidhuru, mimi nitapona, nitapiga magoti mbele ya wazee, jembe litabaki, naye atakuja atakapokuja. Kinachotakiwa ni magoti yangu tu.

Na mguu ulikuwa unapona! Hilo ndilo linalonichoma. Masika ilipokwisha na upepo wa baridi wa kipupwe ukaanza, paji la mama likalainika. Aliniambia kidonda kilichokuwa kama kiganja kimekuwa kama yai, kikawa kama hela moja ya shaba, katikati kibichi, pembeni ngozi mpya ya waridi. Bwana Mganga akakitazama, akasema neno, akaenda safari ya kukagua wagonjwa wa mbali. Bwana Feruzi akabaki mwenye nyumba.

Jumatatu ya mstari wa ishirini na nne akaikata mistari kwa mstari wa kulala, akapiga makofi. "Sita! Mwanahawa binti milima, kwenu!"

Nilisimama kwa furaha. Lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimetoka uani, nikaona mwezi umechomoza umechelewa, umeliwa upande. Niliingia katika nyumba ile mwezi ulipokuwa mchanga, kama ukucha. Miezi sita kamili ilipaswa kunirudisha kwenye ukucha. Huu ulikuwa bado una mwanga wa kuisha.

"Bwana Feruzi," nikasema, "mwezi haujaisha."

"Mwezi gani?"

"Wa juu."

Akacheka, na wagonjwa wakacheka naye. "Wa juu ni wa kufungia Ramadhani, dada. Hapa tuna mwezi wa kazi. Majuma manne, mwezi. Sita mara nne, ishirini na nne. Hukusoma?"

Nilisoma. Wimbo niliuimba mwenyewe kwa makofi.

"Na kidonda je?" mama akauliza. "Katikati pabichi, bwanangu."

"Patakauka njiani. Mama, nina watu wanalala nje wanangoja nafasi hii ubaoni. Bwana Mganga alisema miezi sita, nami nimempa miezi sita. Mwingine!"

Ngaa.

Bi Nyange peke yake hakucheka. Alinishika mkono. "Mwezi wa Mdachi ni mrefu kuliko wa huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Una siku za ziada zimefichwa mwishoni, thelathini na moja mara nyingine. Ngoja Bwana Mganga arudi."

"Atarudi lini?"

"Labda majuma mawili."

Majuma mawili. Baadaye nilikaa nikahesabu vizuri, kwa punje za mahindi, nikaona bibi alisema kweli: miezi sita ya Mdachi ni majuma ishirini na sita. Yale mawili yaliyopotea yalikuwa ndani ya wimbo wetu, kila mwezi ukidondosha siku mbili tatu njiani na hakuna aliyegeuka kuokota. Kwa hiyo nawaambia, na hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu: ukiambiwa miezi, usiseme ahsante ukaenda. Uliza mwezi wa nani. Ukiambiwa majuma, yahesabu majuma, usiyageuze miezi. Na aliyekupa muda, yeye ndiye akwambie umekwisha, si mwingine.

Lakini nafasi yangu ubaoni ilikuwa imeshachukuliwa. Tukapanda mlima, siku mbili, mama amebeba mzigo, mimi na fimbo. Bwana Mganga alisema asipande mlima kabla ya muda. Kabla hatujafika Mkuyuni niliona unyevu kwenye bandeji. Nikamwambia mama ni jasho.

Nilikaa nyumbani siku chache, mguu juu ya kigoda. Kisha mwezi mpya ukaandama, watoto wakaushangilia kilimani, na asubuhi Mzee Kondo akafika na wazee wawili. Alikuwa amehesabu miandamo sita, bila kukosa hata mmoja. Kwa hesabu yake, mtu wa haki.

Mama alinifunga bandeji mpya, akakaza. Shangazi akanivika nguo ndefu. Nilitoka. Kutembea nilitembea vizuri, wallahi, hata Mjomba Shomari akatoa pumzi. Nilifika mbele ya mkeka wao, nikapiga magoti.

Donda langu lilikuwa pale pale chini ya goti. Ukipiga magoti, unalikalia. Niliusikia utando ule mpya ukifunguka, kama ganda la ndizi. Nikasema, "Shikamooni, wazee," na sauti haikutetemeka. Wakaitikia. Nikawawekea sinia, nikawanawisha mikono mmoja mmoja, kwa magoti vile vile, nikijikokota. Nilipoinuka, hakuna aliyetazama uso wangu. Walitazama mkeka. Palikuwa na alama nyekundu mahali goti lilipokuwa, na nyingine, na nyingine, kila nilipopita.

Mzee Kondo akanawa tena mikono yake iliyokuwa safi.

"Ndugu yangu Shomari," akasema, "tulisemaje?"

"Mdachi aliwaambia miezi sita," mjomba akajibu, "na yule mfunga vidonda kawatoa mapema kwa mistari yake ya mkaa ukutani. Nipe siku tano, nipe siku kumi..."

"Mapema kwa nani? Mimi nimehesabu sita. Wewe umehesabu ngapi?"

"Sita."

"Na mganga wenu?"

"Sita."

"Basi sita ni sita. Mwanamume mzima hahesabu mwezi kwa mkaa ukutani." Akanigeukia, na naapa uso wake ulikuwa na huruma, ndiyo maana sikuweza hata kumchukia. "Mwanangu, umejitahidi. Mungu akuponye."

Wakabeba jembe. Chakula hawakukigusa. Mama akaviringisha mkeka, akautupa nyuma ya nyumba, akakaa chini kwenye vumbi mahali ulipokuwa, na sijapata kumwona mama yangu akikaa hivyo kabla wala baada.

Kidonda kikarudi kuwa kama yai. Mjomba akasema hatuna nguvu tena ya kukaa mjini, shamba moja limekwisha potea, hatupotezi la pili. Watu wakaja kunitazama. "Pole," wanasema, halafu, "Na yule kijana?" kama vile pole ilikuwa mlango tu wa kuingilia. Kipupwe kikapita. Kiangazi kikaanza, majani yakakauka, watu wakachoma mashamba.

Na siku moja ya moshi Kibwana akaja.

Alikuwa amekonda, mweusi, vumbi la ulanga limemkaa kwenye kope, anametameta kama mtu aliyenyunyiziwa nyota. Alikuja mbio. Alisimama uani akatoa vipande sita vilivyofungwa kwa kamba, akavipeperusha hewani.

"Sita, Mwanahawa! Nimemaliza juzi. Nilikwambia miezi sita, nimekuja au sikuja?"

Alikuwa anacheka. Hakuwa amefika kwao bado. Mimi ndimi niliyemwambia. Nilimwambia habari ya mkaa, habari ya mwezi wa juu, habari ya mkeka. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo, kikabaki kwenye vipande mkononi mwake, ambavyo alikuwa bado amevishika juu.

"Mjomba asingefanya hivyo bila mimi," alisema.

"Nenda ukamwulize."

Akaenda. Akarudi siku ya pili, polepole. Jembe lilikuwa limekwisha pelekwa Kiroka, kwa binti mwingine, mwenye miguu miwili mizima. Wazee wamekula chakula cha huko.

"Mjomba ndiye mwenye neno," akasema.

"Najua."

"Ningejua, ningekuja."

"Wangekunyima vipande."

"Ndiyo. Wangeninyima. Lakini mimi sikuchelewa, Mwanahawa."

"Hukuchelewa. Mjomba wako hakuchelewa. Bwana Feruzi hakuchelewa, yeye hata aliwahi. Haya niambie wewe, Kibwana, kati yetu nani kachelewa?"

Alikuna ardhi kwa kidole cha mguu. Nilingoja aniulize kidonda kikoje. Angeuliza, hata kama angeuliza tu, labda ningeyaandika haya kwa namna nyingine. Lakini alitazama paa la nyumba yetu, akasema majani ya mgomba ya paa yanataka kubadilishwa, akaaga. Nilimtazama akishuka bondeni mpaka moshi wa mashamba ukamla.

Usiku ule niliota tena nyumba yangu. Sijui kwa nini ndoto hazina adabu. Jiko lilikuwa mashariki vile vile, migomba ile ile, isipokuwa hapakuwa na mtu mwingine, nami nilikuwa nafagia, na mguu hauumi.

Kulipokucha mama alikuwa shambani. Sikumwita. Nilichukua fimbo, viazi vitatu vya kuchoma, na vitambaa vilivyooshwa, nikateremka. Sikumuaga mjomba, maana angeniuliza nitarudi baada ya muda gani, nami nilikuwa sina tena muda wa kumpa mtu. Nilitaka nirudi kwenye ule ubao nikakae mpaka Bwana Mganga mwenyewe aseme. Nililala Mkuyuni kwa mwanamke mmoja aliyenionea huruma, nikaendelea.

Karibu na mji, kwenye kijito cha Bigwa, mguu ukakataa. Maji ya kiangazi yalikuwa machache, safi, yakipita juu ya mawe. Nilikaa kwenye jiwe, nikatumbukiza mguu. Bandeji ilikuwa imegandana. Nikamimina maji kwa kiganja, nikasubiri. Nikavuta kidogo, nikasubiri. Hapakuwa na ukuta wa kutazama, wala uso wa mama. Nikainamisha kichwa nikakitazama. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, na chekundu, na pembeni mwake kulikuwa na ukingo mwembamba wa ngozi ambao ulikuwa umeanza tena, bila kuambiwa na mtu. Nikakiosha. Nikafunga kitambaa kikavu, nikakaza fundo kwa meno na mkono mmoja, nikainuka.